Keki ya komunyo na dawa za bibi

Bibi aliingia kliniki Jumatatu asubuhi akiwa amevaa kitenge kipya. Karatasi ya maabara aliyoishika mkononi ilionyesha sukari 21.

"Shikamoo bibi," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Leo usinigombeze."

Nilijua kuna jambo. (Nimebadilisha mambo madogo katika habari yake ili asitambulike hapa Mkuu, maana Rombo nzima tunajuana.) Jumapili ya wiki iliyopita mjukuu wake alipokea komunyo ya kwanza. Mtoto huyo anakaa naye, mama yake anatafuta maisha Dar es Salaam. Aliomba keki kama ya mwenzake wa darasani, ya ngazi mbili, yenye krimu nyeupe na maua ya bluu. Michango ilipopungua, bibi alitoa fedha aliyoweka kwa ajili ya dawa zake. Kwa wiki tatu hakumeza hata kidonge kimoja. Siku ya sherehe keki ikakatwa, mshereheshaji akaita jina lake, mjukuu akamlisha kipande cha kwanza watu wote wakipiga makofi.

"Ningekataaje, daktari?"

Sikuwa na jibu. Tulimpima mkojo, tukamrudishia dawa, tukampangia tarehe ya kurudi. Lakini swali lake nilienda nalo nyumbani. Sisi madaktari ni hodari wa kusema acha keki, acha soda, punguza vitamu. Tunamwondolea mtu kitu mezani, kisha tunamwachia sahani tupu mbele ya wageni. Na kwetu huku milimani meza ya sherehe ni heshima ya nyumba. Mnajua wenyewe kwamba mbuzi mzima aliyebanikwa, yaani ndafu, huletwa ukumbini na kukatwa kwa sherehe hadi watu wamempa jina la keki ya Kichaga. Hakuna anayedhani wanachogombania wale waliosogea mbele ni nyama tu. Ni kule kulishwa kwa mkono, kuonekana, kupigiwa makofi.

Kwa hiyo leo sitakwambia uache. Nataka tuongelee kitu kizuri cha kuweka mezani, kinachopendeza machoni, kisichohitaji oveni wala mkopo, na ambacho bibi anaweza kulishwa mbele ya watu bila kuja kwangu Jumatatu.

Kwanza tupige hesabu ya ile keki. Unga nusu kilo huhitaji sukari kama robo kilo, wapo wanaozidisha. Krimu ya kupaka na kuchora maua inaweza kula nusu kilo nyingine ya sukari laini, hasa keki ikiwa ya ngazi mbili. Jumla gramu 750. Ukikata vipande 20, kila kipande kina gramu 37 hivi, sawa na vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku, na linasema ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ya pili ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Mtoto wa miaka tisa kiwango chake ni kidogo zaidi. Yaani kipande kimoja kimeshavuka, na bado hajafungua soda.

Sasa tuingie jikoni. Siri ya kitindamlo cha bei nafuu kinachoonekana cha hoteli ni glasi. Chukua glasi ndogo za chai, zile za kupitisha mwanga ambazo kila nyumba inazo, na zisipotosha jirani anazo. Chakula kilekile ukikiweka kwenye bakuli la plastiki ni uji, ukikiweka kwenye glasi kwa tabaka mbili au tatu za rangi tofauti ni sherehe. Futa ukingo wa ndani kwa kitambaa safi chenye unyevu kabla ya kupeleka mezani. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Kwa daktari, glasi ina faida nyingine: inapima. Hakuna anayekata "kipande kidogo" cha kiganja kizima.

Ninachokipenda zaidi ni cha mtindi. Chemsha lita moja ya maziwa, acha yapoe hadi yawe vuguvugu, koroga ndani yake vijiko viwili vya mtindi, funika, fungia blanketi maana baridi ya Mkuu hairuhusu maziwa kuganda haraka. Yakishaganda yamimine kwenye kitambaa cheupe kilichochemshwa, kining'inize juu ya bakuli usiku kucha mahali penye ubaridi. Maji yatachuruzika (yatie kwenye uji, usimwage), na asubuhi utabaki na kama nusu lita ya mtindi mzito unaosimama kwenye kijiko kama krimu. Ponda ndizi kisukari mbili zilizoiva vizuri uchanganye humo. Huo ndio utamu wake, sukari haihitajiki. Weka chini ya glasi kijiko cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa kidogo tu zibaki na chembe, juu yake mtindi, kisha kijiko cha pasheni pamoja na mbegu zake. Nyeupe, njano, na zile mbegu nyeusi zinazong'aa. Lita moja inatoa glasi nane ndogo.

Hapo kwenye maziwa simameni kidogo. Nimesema chemsha. Najua wapo wanaoamini maziwa ya kugandishwa mabichi ndiyo yenye nguvu. Mikoa yetu ya kaskazini ina ugonjwa wa brusela, unaotoka kwa ng'ombe na mbuzi, na maziwa mabichi ni mojawapo ya njia zake. Kuganda peke yake hakutoshi kuua vijidudu hivyo. Mgonjwa anapata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo, anatibiwa malaria mara mbili na taifodi mara tatu kabla mtu hajafikiria maziwa.

Karanga nazo zichague kwa mkono. Iliyosinyaa, yenye ukungu au inayochachuka mdomoni, tupa, hata kama umeinunua. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa nafaka zenye sumu hiyo. Na kwa watoto walio chini ya miaka mitano, karanga zitwangwe hadi ziwe unga kabisa. Punje ikiingia njia ya hewa, siyo jambo la kupiga mgongo na kusubiri.

Cha pili ni cha parachichi, tunda ambalo wakati wa msimu huku kwetu linaoza chini ya mti. Parachichi mbili laini, ndizi mbivu mbili, vijiko vitatu vya chakula vya unga wa kakao, matone ya ndimu ili lisigeuke jeusi, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na maziwa kidogo yaliyochemshwa. Ponda, kisha upitishe yote kwenye chujio ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Usiruke hatua ya chujio, ndiyo inayotofautisha kitu laini na mabonge. Kakao nunua ile isiyo na sukari, kunja uso uisome pakiti, kwa sababu vinywaji vya chokoleti vinauzwa rafu moja nayo na vingi sukari ndiyo imetajwa kwanza. Kakao yenyewe tunalima hapahapa nchini, kule Kyela. Rangi inakuwa ya chokoleti nzito, unapamba kwa kipande kimoja cha chungwa na jani la mnanaa. Watoto usiwaambie ni parachichi hadi wamalize.

Cha tatu ni kastadi, kwa wale ambao wageni wao watauliza "kitu cha kijiko" kiko wapi. Maziwa nusu lita, vijiko viwili vya chakula vya unga wa kastadi usiotiwa sukari, na sukari kijiko kimoja cha chakula, basi, pamoja na kipande cha mdalasini kwenye maziwa yakichemka. Ukigawa glasi sita, kila moja ina nusu kijiko cha chai cha sukari. Sasa ujanja: weka maharage makavu kwenye trei, laza glasi juu yake kwa mshazari, mimina kastadi ikiwa bado ya moto, acha igande hivyohivyo. Ukisimamisha glasi, kastadi imekaa mshazari. Jaza upande uliobaki kwa embe au papai lililokatwa vipande vidogo. Watu watakuuliza umesomea wapi.

Bei sitaziandika kwa sababu embe la Januari si embe la Juni. Kanuni yangu ni kununua tunda ambalo siku hiyo sokoni limerundikana hadi muuzaji anakubembeleza. Na mtu asikuhadae kwamba lazima uoke. Mimi mwenyewe nilioka keki kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, ikaungua upande mmoja na kubaki mbichi katikati. Nikaipaka krimu nyingi kuficha aibu.

Kuhusu mapambo, maua ya uani yaacheni uani, hasa yale makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta kwenye nyua nyingi za huku. Mti ule wote una sumu, na mtoto hula kilicho kwenye sahani. Kile kitindamlo cha ute wa yai mbichi lililopigwa hadi likawa povu nacho sikipendi kwa watoto, wajawazito na wazee.

Swali la jokofu huwa halikosekani. Mkuu mwezi wa Julai hewa ya usiku inakusaidia, na mchana glasi zilizofunikwa zikae kwenye beseni la maji baridi. Ila sherehe ikiwa Moshi mjini, kwenye turubai, na hotuba za wajomba hazijaisha, maziwa na kastadi visikae nje zaidi ya saa mbili. Vitoeni mwishoni.

Sasa nizungumze na wenye kisukari, maana najua mmeshafurahi. Ndizi mbivu na embe vinapandisha sukari. Glasi moja ndogo, iliyojaa nusu, baada ya chakula, siyo mbili, na siku hiyo wali au ndizi za mchana zipungue kidogo. Mtindi na karanga husaidia sukari isipande kwa kasi, lakini haviifuti. Asali ni sukari. Sukari guru ni sukari. Juisi ya matunda uliyochuja ni sukari iliyovuliwa nyuzinyuzi. Wanaotumia insulini au vidonge vya glibenklamidi wasifanye ule mtindo wa kushinda njaa ili "watunze nafasi" ya sherehe. Hapo sukari inashuka, unatetemeka, unatoka jasho, unachanganyikiwa, na watu wanadhani umekunywa mbege. Ikitokea, na mgonjwa anaweza kumeza, mpe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari mara moja, kisha chakula. Akiwa hajitambui usimwagie kitu mdomoni, kimbiza hospitali. Wenye ugonjwa wa figo wamuulize daktari wao kabla ya ndizi na parachichi, kwa sababu vina potasiamu nyingi.

Na kwa mama mwenye mtoto wa chini ya miaka miwili: mpondee tunda lake pembeni, lisilotiwa sukari. Asali asionje kabisa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hata ile ya kutibu kikohozi. Inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto hadi ya kupumua.

Bibi alirudi baada ya miezi miwili. Sukari ilikuwa 9, siyo nzuri sana, lakini tulisalimiana kwa furaha. Nilikuwa nimemwandikia ile ya mtindi nyuma ya karatasi ya dawa, na ndugu wa mtaa wa chini walipobatiza alipeleka glasi kumi na sita kwenye trei moja. Nikamuuliza watu walisemaje.

"Wakubwa walilamba vijiko. Mwenye mtoto akanilisha, nikala yote, sikuogopa."

"Na mjukuu?"

"Huyo alikula mbili, halafu akaniuliza keki iko wapi."

Tukacheka. Nikamwandikia dawa za mwezi, na yeye akazikunja zile hela zake kwenye ncha ya kitenge, akazifunga fundo, akaelekea dirisha la dawa.