Mkondo Ugeuzwao Bila Cheche

Mlima wa Gisozi, jijini Kigali, ni kipimo cha haki cha pikipiki. Tukiupanda leo kwa pikipiki ya umeme, hatusikii ngurumo wala hatunusi moshi. Hata hivyo, chini ya kiti yatendeka mambo yampasayo askari kuyaelewa, kwani tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ni za umeme tu.

Betri hutoa mkondo wa upande mmoja daima, kutoka chanya kwenda hasi. Lakini mota haizunguki mpaka mkondo ulio ndani ya koili zake ugeuzwe mara kwa mara, ili sumaku zivutwe mbele na kusukumwa kutoka nyuma. Zamani kazi hiyo ilitendwa na burashi za kaboni zikisugua shaba. Na mota ilipotakiwa kurudi nyuma, rilei, yaani swichi ivutwayo na sumaku, iligeuza mkondo. Kugusana kulizaa cheche, cheche zikala shaba, na chombo kikasimama njiani.

Siku hizi kazi hiyo ni ya transista. Kwa mota ndogo hupangwa nne mfano wa herufi H, mota ikiwa katikati. Mbili za mshazari zikiruhusu, mkondo hupita kutoka kushoto. Hizo zikizuia na nyingine mbili zikaruhusu, hupita kutoka kulia. Mota ya pikipiki ina nyaya tatu, hivyo hudai matawi matatu. Hakuna kinachosogea, wala kinachochakaa kwa kusuguana.

Ipo hatari moja. Transista ya juu na ya chini za tawi moja zikiruhusu kwa pamoja, mkondo huiacha mota, ukatoka chanya moja kwa moja hadi hasi. Kufumba na kufumbua, transista zimeungua. Kwa hiyo mtambo huizima ya kwanza, hungoja muda upimwao kwa sehemu za milioni za sekunde, ndipo huiwasha ya pili. Mlinzi wa ghala la silaha aijua amri hiyo: lango la pili halifunguliwi kabla la kwanza halijafungwa.

Ndugu askari, tukumbuke kwamba ukimya si usalama. Pikipiki ya umeme iliyoanguka barabarani yaweza kunyamaza ilhali ingali hai; mshiko wake ukiguswa, gurudumu huzunguka. Tuzime ufunguo kwanza, ndipo tuinyanyue.