Kuzima Moto Ni Elimu, Si Ushujaa Pekee

Mvua zinapokatika katika nyanda hizi za juu na miezi ya baridi ikapita, majani ya vilima vya Mlangali hukauka yakawa kama karatasi. Kufikia Septemba na Oktoba, cheche moja ya mrina asali, au ya mkulima anayesafisha shamba lake, yatosha kuteketeza mlima mzima. Na juu ya milima hiyo ndiko iliko akiba ya watu wa Ludewa na Njombe: misindano na milingoti. Mle shambani mna ada za shule, mna mahari, mna matibabu ya mzee, mna urithi wa mayatima. Msindano humngojesha mwenyewe miaka 10 na zaidi kabla ya kumpa mbao. Moto huimaliza hesabu hiyo kwa alasiri moja.

Nani huuzima moto huo? Taifa linalo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililowekwa kwa Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Jeshi hilo lina askari waliofunzwa, lina chuo chake huko Chogo, Handeni, mkoani Tanga, na namba yake ya dharura ni 114, ambayo kila mtoto wa nyumbani apaswa kuihifadhi kama anavyohifadhi sura fupi. Lakini gari litokalo Njombe mjini halina budi kupanda na kushuka vilima vingi kabla ya kufika Mlangali. Na likishafika, shamba lililo mgongoni mwa mlima halifikiki kwa magurudumu. Basi mzima moto wa kwanza ni jirani, naye huenda na tawi bichi mkononi, kandambili miguuni, na ushujaa moyoni. Tawi na ushujaa havitoshi.

Wanazuoni wetu wametufundisha maana ya fardhi kifaya: jambo ambalo wakilisimamia baadhi ya watu, wengine husalimika, na wasipopatikana wa kulisimamia, lawama huwa ya wote. Kwa sababu hiyo kila msikiti hujitahidi kuwa na watu wanaojua kumwosha na kumkafini maiti. Hatumwachii kazi hiyo yeyote aliyepita njiani, tunamfundisha. Ndugu msomaji, ikiwa tumejiandaa hivyo kwa aliyekwisha kufa, je, tumeandaa wangapi wanaojua kumwepusha aliye hai na kifo cha moto?

Ipo habari moja ya mbali ambayo yafaa isimuliwe kwetu, kwa kuwa nchi yake ni ya miteremko na majani makavu kama yetu. Tarehe 5 Agosti 1949, katika bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana huko Marekani, kikosi cha wazima moto wa msituni kilijikuta kikikimbia kupanda mlima huku moto ukiwafuata nyuma. Kiongozi wao, Wagner Dodge, alipoona kuwa hawataushinda kwa mbio, aliwasha kiberiti akayachoma majani yaliyokuwa mbele yake, kisha akalala kifudifudi ndani ya majivu yale. Aliwaita wenzake waingie pamoja naye. Hawakumwelewa, kwa sababu hakuna aliyepata kuwafundisha jambo hilo, wakapita mbio. Moto mkubwa ulipofika haukukuta cha kula pale alipolala Dodge, naye akasalimika. Watu 13 walifariki.

Wahenga wetu walisema kuwa dawa ya moto ni moto, na Dodge alionyesha ukweli wa neno hilo. Lakini dawa bila tabibu ni sumu, na asiyefunzwa akijaribu kuwasha moto wa kukabiliana na moto huenda akaongeza msiba wa pili juu ya wa kwanza. Baada ya vifo hivyo na vingine, mwaka 1957 Idara ya Misitu ya Marekani iliwawekea wazima moto wake amri 10 za msingi. Miongoni mwake ni kujua hali ya hewa, kuweka mlinzi wa kuutazama moto, kuwasiliana, na kujua njia ya kuokokea. Amri hizo hazihitaji gari wala mtambo. Zahitaji watu waliokaa wakafundishwa.

Mafunzo yanayofaa kijijini si mengi, ila yana mpangilio. La kwanza ni kuijua tabia ya moto: hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka, kwa kuwa joto lake huyakausha majani yaliyo juu kabla ndimi hazijafika, hivyo ni hatari kusimama juu ya moto unaopanda. La pili ni mahali pa kusimama: karibu na eneo lililokwisha kuungua, ili likigeuka jambo mtu aingie humo. La tatu ni mavazi: nguo za pamba na viatu vya kufunika mguu, kwani nailoni huyeyuka ikagandamana na ngozi. La nne ni zana: reki, majembe, mapanga, pampu za mgongoni, na fimbo ndefu zenye kipande cha mpira mwishoni za kuupigia moto. La tano, ambalo husahauliwa sana, ni kubaki baada ya ushindi, kufukua magogo na mizizi inayofuka, kwani moto uliodhaniwa umekufa huamka na upepo wa kesho.

Kazi nyingine hufanywa kabla ya moto wowote kuwaka: kufagia barabara za kuzuia moto kati ya shamba na shamba, na kupogolea matawi ya chini ya misindano, ili moto wa majani usipate ngazi ya kupandia kileleni.

Wala mafunzo yasiishie milimani, maana majumbani mna moto pia, na aliyepo hapo mchana aghalabu ni mama. Ajue kuwa mafuta yakiwaka kikaangoni hayamwagiwi maji. Hufunikwa kwa mfuniko na jiko likazimwa. Ajue kuwa moto wa umeme hukatiwa kwanza swichi kuu. Ajue kuwa katika chumba kilichojaa moshi mtu hutambaa, kwa kuwa hewa nzuri huwa chini. Na katika baridi yetu hii ya Juni na Julai, ajue kuwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua bila kuunguza.

Walio na jukumu zito zaidi ni wenye mabweni. Agosti 2009, wanafunzi 12 wa Sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, walifariki kwa moto wa bweni. Septemba 2020 wakafariki watoto 10 katika shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Hao ni watoto wetu. Bweni lenye mlango mmoja na nondo zisizofunguka madirishani ni mtego, na zoezi la kutoka nje usiku, likifanywa kila muhula, halina gharama.

Nao walioko Makambako, ambako malori ya mafuta hupita mchana na usiku katika barabara kuu ya Zambia, wakumbuke Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, likalipuka. Waliokufa walizidi 100. Hapo mwenye elimu ni yule anayewazuia watu wasisogee.

Nini basi kifanyike? Moto hauulizi dini ya mwenye shamba, na sisi Waislamu wa Mlangali tu wachache miongoni mwa jirani zetu Wakristo. Kikosi kiwe cha kijiji kizima, chini ya serikali ya kijiji, wanaume kwa wanawake, na askari wa Zimamoto pamoja na maofisa misitu waombwe kuja kukifundisha kabla ya Juni. Kipaza sauti cha msikiti na kengele ya kanisa vikubaliane mlio mmoja wa hatari. Matangi ya maji ya udhu yahesabiwe miongoni mwa akiba ya kuzimia moto. Kamati za misikiti, ambazo tayari zina madaftari ya waumini, ziandike nani ana pampu, nani ana pikipiki, na mzee gani hawezi kutoka nyumbani peke yake.

Mtume (S.A.W.) alituusia tuzime moto majumbani kabla ya kulala, na akatufundisha kuwa anayepanda mti, kila kinacholiwa humo huandikwa sadaka yake. Tumeshapanda. Kilichobaki ni kujifunza kuvilinda tulivyovipanda, na waliomo ndani ya nyumba zetu.