Mdogo Wako Achukue Masomo Gani? A-level kwa Anayeutaka Udaktari, Kompyuta au Uchumi

Wengi wetu hapa chuoni tumeshapigiwa ile simu. Shangazi yuko Reading au Leicester, mtoto wake amerudi na fomu kutoka shuleni, anatakiwa achague masomo matatu ya A-level, na fomu irudi Ijumaa. Mzazi alisoma Tabora au Mombasa, mambo ya huku hayajui, na usiku anabeba maboksi. "Hebu wewe uliye chuo kikuu, ongea na mdogo wako." Nasi tunajibu haraka haraka: "Achukue sayansi tu, shangazi, sayansi haina hasara." Jamani, jibu hilo halitoshi. Masomo matatu ni machache mno, na mtu akishayachagua ndiyo atakayokuwa nayo siku ya kuomba chuo. (Nazungumzia England hapa. Scotland wana mtihani wao wa Highers, ambao mwanafunzi kwa kawaida hufanya masomo kama matano, kwa hiyo milango haifungwi mapema namna hii.)

Kwanza kabisa, uamuzi hauanzi na fomu ya A-level. Unaanza mtoto akiwa na miaka 13 au 14, anapochagua masomo ya GCSE, na hapo ndipo familia zetu nyingi zinapopigwa bao bila kujua. Hesabu za GCSE zina karatasi za ngazi mbili, Higher na Foundation. Anayefanya Higher anaweza kupata mpaka alama ya 9, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Anayefanya Foundation, hata akijibu kila swali sawasawa, hawezi kuvuka 5. Sasa shule nyingi zinataka 6 au 7 ndipo zimruhusu mtu kuchukua Hesabu kwenye A-level. Kwa maana hiyo mtoto aliyewekwa Foundation ameshaaga uhandisi, kompyuta na uchumi wa vyuo vikubwa, na hakuna aliyewaambia wazazi wake kwa maneno hayo. Masomo ya sayansi nayo yana ngazi hizo hizo mbili.

Mtoto aliyetoka Dar, Nairobi au Muscat akiwa na miaka 12, Kiingereza chake bado kinakwaruza, ni rahisi kuwekwa kwenye kundi la chini kwa sababu ya lugha wakati hesabu anaziweza. Mwalimu si lazima awe na nia mbaya, huenda anaangalia tu jaribio la mwezi wa kwanza. Lakini mzazi akiingia kwenye kikao cha wazazi, swali la kuuliza si "Ana nidhamu?" kama tulivyozoea nyumbani. Aulize hivi: "Mtoto wangu atafanya mtihani wa ngazi ipi, na anatakiwa afanye nini ili ahamishiwe ngazi ya juu?" Ukipigiwa simu na shangazi mwenye mtoto wa miaka 13, mwambie hilo kabla ya jambo lolote lingine.

Tuje kwenye masomo matatu yenyewe. Njia iliyo nzuri ni kuanzia mwisho kurudi nyuma. Fungua kurasa za vyuo vitatu au vinne ambavyo dogo anavitamani, soma masharti ya kozi, halafu ndipo ujaze fomu. Vyuo havifanani, na mengi tunayoyaamini tumeyabeba kutoka nyumbani.

Chukua udaktari, maana ndio wimbo wa kila mzazi. Tanzania, anayetaka kusomea udaktari ni lazima awe na Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani PCB. Mwenye CBG hana lake, kwa sababu Fizikia hana. Huku si hivyo. Kemia inatakiwa na vyuo vingi, Baiolojia nayo vilevile, na somo la tatu liko wazi kwa kiasi kikubwa. Dogo anayechukia Fizikia hana sababu ya kuteseka nayo miaka miwili apate D, wakati angeweza kupata A kwenye Hesabu, Historia au Saikolojia. Alama ndizo zinazombeba. Na zaidi ya alama kuna mtihani wa UCAT, ambao unafanywa kabla ya kuomba, na maombi yenyewe yanafungwa tarehe 15 Oktoba, miezi kadhaa kabla ya kozi nyingine. Halafu kumbuka: kwenye UCAS mtu ana nafasi tano za kuomba, lakini za udaktari ni nne tu. Ile ya tano lazima iwe kozi nyingine, na somo la tatu ndilo litakalosema ni kozi gani. Mwenye Kemia, Baiolojia na Hesabu ana pa kukimbilia pengi. Famasia nayo inadai Kemia.

Kompyuta ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Mtu anadhani ili asome kompyuta chuoni ni lazima awe na somo la kompyuta kwenye A-level. Vyuo vinavyoongoza, kama Cambridge, Oxford na Imperial, vinachokitaka ni Hesabu, na vinafurahi zaidi ukiwa na ile Hesabu ya pili, Further Mathematics. Somo la kompyuta ni zuri, lakini pasipo Hesabu halikufikishi huko. Uhandisi nao unataka Hesabu na Fizikia, isipokuwa ule wa kemikali, ambao kwa kawaida unataka Hesabu na Kemia.

Uchumi ni mtego wa aina yake. Nyumbani mwenye HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi, anajiona mchumi tayari. Huku, LSE na Cambridge hawamdai mtu awe amesoma Uchumi kwenye A-level, wanamdai Hesabu. Ndiyo, mtu anaweza kuingia kusoma uchumi bila kuwahi kusoma uchumi, lakini bila hesabu hapana. Vyuo vingine vina masharti mepesi zaidi, ila ukiniuliza mimi, kijana anayetaka uchumi na hana Hesabu anajifungia nusu ya orodha kwa mkono wake mwenyewe.

Sheria kwa upande wake ni huru kabisa, hakuna somo la lazima. Mwenye Fizikia na Kemia anaruhusiwa kama mwenye Historia na Fasihi, ingawa baadhi ya vyuo vina mtihani wao wa LNAT, na aliyezoea kuandika insha ndefu atahangaika kidogo tu. Uhasibu vilevile hauhitaji somo la uhasibu.

Mtasikia bado watu wakitaja orodha ya "masomo yanayokubalika". Orodha hiyo ilikuwepo kweli. Vyuo vya Russell Group viliitoa mwaka 2011 na vikaiacha mwaka 2019, kwa sababu watu walikuwa wanadhani somo lisilokuwemo halina thamani. Kwa hiyo mjomba akikuambia Sosholojia ni somo la wavivu, mwambie kwa heshima kwamba habari hiyo imepitwa.

Kuna pia T Level, zilizoanza mwaka 2020, ambazo ni miaka miwili ya fani moja pamoja na kazi halisi ya angalau saa 315. Kwa anayejua anachokitaka, mfano ujenzi au malezi ya watoto, ni njia nzuri. Kwa anayetaka udaktari, siyo.

Lugha je? Kiswahili hakimo kwenye orodha ya masomo ya A-level, jambo linaloniudhi kila nikilifikiria. Kiarabu kimo, na ndugu zetu waliokulia Oman wanaweza kukipatia A bila jasho. Ila vipo vyuo visivyohesabu lugha ya nyumbani kama moja ya masomo matatu, kwa hiyo waulize chuo mapema, au wakichukue kiwe somo la nne.

Sasa simu zinazotoka nyumbani, za wadogo zetu wanaotaka kutufuata. Aliye Tanzania na anayetaka kompyuta au uchumi huku ajue kwamba ile BAM wanayofanya wenye PCB au HGE haihesabiki kama Hesabu ya A-level. Achague PCM au EGM, ambazo zina Hesabu za juu. Tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezwa sana, nyingine zina majina ambayo sisi wa zamani hatukuyasikia kabisa, kwa hiyo aangalie masomo yaliyomo ndani na asivutiwe na jina. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, hufunguliwa muda wa kubadilisha tahasusi kwa mtandao, asiupitishe. Aliye Uganda, masomo matatu makuu ya UACE yafuate hesabu hizi hizi.

Aliye Kenya ana habari mbili. Wenye KCSE, vyuo vingi vya hapa huwataka kwanza mwaka mmoja wa maandalizi, na mwaka huo una ada yake, kwa hiyo familia iupigie hesabu tangu mwanzo. Wale wa mtaala mpya walioingia gredi ya 10 Januari 2026 wamechagua kati ya njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Hapo pia tazameni ni Hesabu ya aina gani mtoto anasoma, ile kamili au ile nyepesi.

Na kama dogo wa shangazi ameshajaza fomu vibaya? Shule nyingi za huku humruhusu mwanafunzi kubadilisha somo wiki za mwanzo za Septemba, mradi darasa lina nafasi na alama zake za GCSE zinaruhusu. Baada ya hapo huwa ameshaachwa nyuma sana na wenzake. Kwa hiyo piga wewe simu mwishoni mwa Agosti, matokeo yakishatoka, usisubiri upigiwe.