Mlima Ukiwa Kisogoni: Kibla ya Waislamu wa Morogoro

Ndugu Waislamu, leo tunalizungumzia suala tulilofikishiwa na familia moja ya mkoani kwetu.

Baba alikulia Morogoro mjini, na tangu chuoni alifundishwa kwamba kibla hupatikana kwa kuipa mgongo milima ya Uluguru. Kwa mtu wa mjini fundisho hilo lafaa, kwani milima iko kusini na Makka iko kaskazini. Alipohamia shambani upande wa Matombo, mbali na msikiti, alikwenda nalo. Lakini huko milima iko magharibi, na mwenye kuipa kisogo huelekea mashariki. Kijana wake alipokwenda kumzuru akamwonesha kibla kwenye simu. Mzee akajibu kuwa hafundishwi sala na simu, na tangu siku hiyo hawasali safu moja.

Kijana amesema kweli, ingawa adabu ilimpungukia. Mlima huhama upande kila mtu anapohama. Latitudo na longitudo hazimhadai msafiri. Mji wa Morogoro uko nyuzi 6 na dakika 49 hivi kusini mwa Ikweta, na nyuzi 37 na dakika 40 mashariki. Al-Kaaba iko nyuzi 21 na dakika 25 kaskazini, na nyuzi 39 na dakika 50 mashariki. Kwa hiyo kibla yetu ni kaskazini, ikiinama mashariki kwa nyuzi 4 tu, na Matombo hesabu ni takriban hiyo hiyo. Wala elimu hii si ngeni kwa Waislamu: katika karne ya 11 Abu Rayhan al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya kupima mahali ilipo miji, akikusudia pia kuijua kibla ya Ghazna.

Mzee aliuliza kwa uchungu: na sala za misimu miwili? Waliofariki wakisali kuelekea Baytul Maqdis walibainishiwa, katika aya ya 143 ya Suratul Baqara, kwamba Allah hapotezi imani yao. Lakini wao walikuwa katika amri iliyokuwapo. Kwa aliyejitahidi akakosea, wanazuoni wengi hawamlazimishi kurudia. Katika madhehebu ya Shafi, tuliyoyazoea, kauli yenye nguvu ni kwamba akiyakinisha kosa hulipa. Tumemshauri alipe kidogo kidogo, kwa kadiri ya nguvu zake, na kijana asimhesabie.

Simu nayo isifanywe kadhi. Dira yake huvutwa na chuma, na karibu na nondo au gari hupotoka. Kuna shahidi asiyevutwa. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27, jua huwa utosini mwa Makka. Huko, katika joto la jangwa ambalo miezi hiyo hupita nyuzi 40, nguzo iliyo wima haina kivuli. Saa zao na zetu ni moja. Baba na mwana wasimike kijiti wima uwanjani, kisha wafuate mstari kutoka ncha ya kivuli kurudi kwenye shina la kijiti: huko ndiko kibla. Wingu la Uluguru likiziba jua, wangoje kesho yake saa ile ile. Tofauti ni ndogo mno.

Wallahu aalam.