Samaki Ajulikanaye Asiye na Jina

Mkulima wa Machakos akitaja mahindi ya Katumani, kila mtu aelewa ni mbegu ipi. Kwa samaki wadogo wa Ziwa Victoria waitwao fulu, sivyo. Baadhi yao wafugwa Ulaya na Marekani katika matangi ya kioo, wala hawana jina la kitaalamu. Mmoja aliuzwa miaka mingi kwa jina la Hippo Point Salmon, kufuata mahali palipo Kisumu.

Sababu ni nini? Jina la biashara hutolewa na yeyote, lakini la kitaalamu lina masharti. Mtaalamu sharti apime miili na meno, awalinganishe na samaki waliohifadhiwa zamani, achapishe maelezo yake, na kuweka samaki mmoja katika makumbusho awe shahidi. Fulu hufanana mno, na wakihifadhiwa katika dawa rangi zao hufifia. Tena wajuzi wa kazi hiyo ni wachache.

Kukawia huko kuna hasara. Mbuta, alaye samaki wenziwe, alitiwa ziwani miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za fulu zilikuwa zimetoweka, nyingine kabla ya kupewa jina. Kisichoandikwa kikipotea, hakuna awezaye kukidai.