Mishipa ikikakamaa, moyo hulipa: Jua pengo la presha yako kabla ya safari

Anayevusha mitumba Namanga au samaki Busia hukagua mzigo wake kila kituo. Mishipa ya damu haikaguliwi hivyo, na wapo wanaojua kuwa wana presha siku wanapoangushwa na kiharusi.

Aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, hutanuka kila moyo unapopiga, kisha hunywea. Kwa njia hiyo hupunguza kishindo cha damu kabla hakijafika kwenye ubongo na figo. Umri, presha ya muda mrefu, kisukari na sigara huukakamaza. Hapo moyo husukuma kwa nguvu zaidi, na mishipa midogo hupokea kishindo chote.

Wataalamu hupima hali hiyo kwa kuweka vihisio shingoni na kinenani, kisha kuhesabu muda ambao wimbi la mpigo hutumia kusafiri kati ya sehemu hizo mbili. Kadiri mshipa ulivyo mgumu, ndivyo wimbi linavyokwenda kasi. Kasi inayozidi mita 10 kwa sekunde huchukuliwa kuwa ishara ya hatari.

Vifaa hivyo viko zaidi katika hospitali kubwa na vituo vya utafiti. Hata hivyo, mashine ya kawaida ya presha hutoa dokezo. Chukua namba ya juu, toa ya chini. Presha ya 120/80 huacha 40. Ile ya 165/75 huacha 90, na kwa mtu mwenye umri mkubwa, pengo linalozidi 60 huashiria mishipa iliyokakamaa. Lakini pengo dogo si kinga: 150/100 huacha 50 tu, nayo ni presha ya kumpelekea daktari.

Pima ukiwa umekaa na kupumzika dakika 5, si mara tu baada ya kushusha mzigo au kubishana na wakala wa forodha.

Kwa anayevuka mpaka, hatari nyingine ni dawa kukatika. Dawa ileile huweza kuuzwa kwa jina jingine la biashara nchi jirani, ila jina la kitabibu, mfano amlodipine, huandikwa pia kwenye pakiti. Linakili kwenye daftari pamoja na dozi na vipimo vyako. Beba dawa za safari nzima, zikiwamo za siku za foleni mpakani. Usiache kumeza kwa sababu unajisikia vizuri. Presha inaweza kupanda bila maumivu yoyote.