Wingu Kabla ya Mvua

Ukienda Wagenia kwa miguu, sikio hufika kabla ya jicho. Ngurumo inaanza kwa mbali, inapanda hatua kwa hatua, ndipo unaona mto Kongo ukivunjika kwenye mawe, na miti ya wavuvi imesimama majini ikishikilia migono. Mimi ni fundi wa kurekodi hapa Kisangani. Mwimbaji akiniuliza mvumo wa kinyumenyume ni nini, namkumbusha njia hiyo.

Mvumo wa kawaida kila mtu anaujua. Piga kofi ndani ya kanisa kubwa: kofi limekwisha, kuta bado zinalisema mpaka linafifia. Sauti kwanza, mkia baadaye. Mafundi tunauita riveba, na kompyuta huuiga hata katika chumba changu cha Makiso, chenye magodoro ukutani. Ukiugeuza, mkia unatangulia: unaanza kama pumzi, unajaa, kisha neno linatua.

Juzi nilimfanyia hivyo mama mmoja wa kwaya. Nilinakili neno la kwanza tu la wimbo wake, “Mama”, nikaligeuza nyuma mbele. Baada yake nikaacha ukimya wa sekunde kadhaa, kwa sababu mkia unahitaji pa kulala. Vijana ninaowafundisha husahau hapo, mkia ukakatika. Kisha nikatia riveba ndefu, nikaondoa sauti yenyewe ukabaki mvumo mtupu. Nikauhifadhi kama faili mpya, nikaigeuza tena. Mwisho nikausogeza mpaka kilele chake kikaangukia neno halisi, ambalo sikuligusa. Msikilizaji anapata harufu ya “a” ya mwisho kabla ya “m” ya kwanza.

Urefu una hesabu yake. Wimbo ule ulikwenda mapigo 120 kwa dakika, yaani kila pigo nusu sekunde. Nilitaka mvumo ujae ndani ya mapigo manne, basi nikaupa sekunde 2. Nikapunguza besi pia, usije ukagombana na gitaa zito.

Programu ya bure kama Audacity inatosha kwa kazi hii. Enzi za utepe, mafundi waligeuza utepe wenyewe, wakarekodi mvumo kwenye mstari mwingine, wakaugeuza tena. Jimmy Page, mpiga gitaa wa Uingereza, amesimulia kwamba aliitumia mbinu hiyo na bendi ya Yardbirds katika wimbo “Ten Little Indians” wa 1967, kisha akaendelea nayo katika bendi ya Led Zeppelin.

Nilipoijua mara ya kwanza, niliitia kila mstari wa wimbo wa kijana mmoja. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kwa upole kama alirekodiwa ndani ya pipa. Alikuwa na haki. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mvua ikinyesha kutwa, nani anatazama tena mawingu? Tangu siku ile natumia mvumo huu mara moja, mbili ikizidi: mwanzo wa wimbo, au pale ala zote zimenyamaza na sauti inarudi peke yake.

Mama wa kwaya sikumweleza kitu. Nilimvalisha vidude vya masikioni, nikabonyeza. Mvumo ulipoanza kupanda nilimwona ananyoosha mgongo na kuvuta pumzi, tayari kuimba.